5 ilipogeuka 13: kuusoma mshale wa ripoti ya sprinti

Ripoti ya sprinti, yaani kipindi kifupi, kwetu wiki mbili, ambacho timu yetu ya programu hujipangia kazi, ilikuwa imejaa skrini nzima. Kazi zilizokamilika juu, zisizokamilika chini yake, safu ya makadirio pembeni kulia. Meneja alikuwa akipitisha macho haraka haraka, mstari baada ya mstari, mpaka akafika kwenye kazi ya kumrudishia mteja sehemu ya fedha zake. Akasimama. Kwenye safu ya makadirio, ambako ukubwa wa kila kazi huandikwa kwa pointi, kazi hiyo haikuwa na namba moja kama wenzake. Ilikuwa na mbili, katikati mshale: 5 → 13.

"Jamani, huu mshale maana yake nini?"

Watu watatu wakajibu karibu kwa pamoja. Wa kwanza akasema kazi iliongezeka. Wa pili akasema haikuongezeka hata kidogo, ila tuliikadiria vibaya tangu mwanzo. Wa tatu, ambaye ndiye aliyeifanya, akasema kwa sauti ya chini kwamba aliambiwa abadilishe ili namba ilingane na muda uliotumika.

Meneja akaandika kitu kwenye daftari, akasogea mstari unaofuata.

Wiki kadhaa jambo hilo likawa linanirudia. Majibu yale matatu hayafanani hata kidogo. Kazi kuongezeka ni habari ya mteja na msimamizi wa bidhaa. Kukadiria vibaya ni habari ya timu. Kulinganisha namba na muda ni habari ya uhasibu. Na bado yote matatu yangeacha alama ileile kwenye ripoti, mshale uleule, bila nukta ya tofauti.

Sasa anayeisoma ripoti akiwa peke yake, bila sisi kuwepo kujibu, anasoma nini?

## Historia ya tiketi moja

Nikaifungua tiketi yenyewe, yaani rekodi ya kazi hiyo kwenye mfumo. Wanaotumia Jira, programu ya kufuatilia kazi za timu, wanajua kwamba chini ya kila tiketi kuna historia: nani kabadilisha, lini, sehemu gani, ilikuwa nini, imekuwa nini. Watu hawaifungui mpaka pawe na ugomvi, na ni hasara, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ambayo haijali mtu anataka kuonekanaje.

Kwa mujibu wa historia, kadirio lilibadilishwa Alhamisi jioni, siku moja kabla ya sprinti kufungwa. Ukiishia hapo utadhani Alhamisi kulizuka jambo. Lakini maoni ya juu yake yana mfuatano mwingine kabisa.

Jumatatu ya wiki ya kwanza mwenzetu ameandika: "Jedwali la malipo linatunza jumla tu, halina bei ya kila bidhaa ndani ya oda. Siwezi kurudisha sehemu wakati sijui sehemu ni kiasi gani."

Jumatano msimamizi wa bidhaa anajibu: "Basi tuanze kutunza bei ya kila bidhaa. Na oda za zamani tuzijazie kutoka kwenye risiti, wateja wa zamani nao wataomba kurudishiwa."

Halafu kimya. Msimbo unaandikwa, majaribio yanapita, kazi inahamia safu ya mwisho ya bodi. Alhamisi ya wiki ya pili, kila kitu kimeshakwisha, ndipo 5 inageuka 13.

Kwa hiyo kulikuwa na matukio matatu. Jumatatu kuna kitu kiligunduliwa. Jumatano kuna kitu kiliamuliwa. Alhamisi ya wiki iliyofuata kuna kitu kiliandikwa. Ripoti inalijua tukio la tatu tu, na ndilo lisilo na maana yoyote.

Kaa kidogo na hayo mawili ya kwanza, maana nayo hayalingani. Jedwali lisilo na bei za bidhaa lilikuwepo siku nyingi kabla hatujakadiria. Hakuna aliyeongeza kazi. Kazi ilikuwa kubwa tangu mwanzo, sisi ndio hatukuiona. Lakini kuzijazia oda za zamani kutoka kwenye risiti ni jambo ambalo mtu alilichagua. Angeweza kusema oda za zamani zisubiri sprinti ijayo. Angeweza kusema zishughulikiwe kwa mkono zikitokea. Aliamua, na alikuwa na haki ya kuamua, kwa kuwa Mwongozo wa Scrum wenyewe, ule wa utaratibu huu wa kufanya kazi kwa sprinti, unaruhusu mipaka ya kazi ijadiliwe upya na msimamizi wa bidhaa kadiri timu inavyozidi kujua.

Nilimuuliza mwenzetu ile nyongeza ya 8 iligawanyikaje. Akafikiri, akasema oda za zamani pekee zilikuwa kama 5, na hizo 3 nyingine ni jedwali.

Hakuna mahali popote kwenye ripoti ambapo mtu angeliona hilo.

## Saa ni kitu kingine

Kabla sijaendelea, wale mnaokadiria kwa saa badala ya pointi msidhani mmepona. Kwenu hali ina msukosuko wake.

Kuna kadirio la mwanzo, kuna muda uliotumika, na kuna muda uliobaki. Mtu akiandika kwamba ametumia saa 6 kwenye kazi iliyokadiriwa saa 16, mfumo kwa kawaida unaushusha muda uliobaki mpaka 10 wenyewe. Huko si kubadilisha kadirio, ni kutoa tu. Kesho yake akigundua maji yamezidi unga, anaandika kwamba zimebaki saa 20. Hiyo sasa ni habari: kazi itakula saa 26, si 16. Grafu ya kazi iliyobaki itapanda badala ya kushuka, na inapaswa kupanda, maana ndivyo hali ilivyo.

Tatizo linaanza pale mtu anapokwenda kwenye kadirio la mwanzo na kuifuta 16, akaweka 26. Ameandika jibu juu ya swali. Mwisho wa sprinti utaona kazi iliyokadiriwa 26, ikachukua 26, na timu yenye uwezo wa ajabu wa kukadiria.

Kadirio la mwanzo lina thamani kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba liliandikwa kabla ya kujua. Likishaguswa baada ya kujua, si la mwanzo tena.

Kwa pointi hatuna hata hizo sehemu tatu. Tuna namba moja tu, na namba hiyo moja inabebeshwa kila kitu.

## Hesabu inayopotosha bila kusema uongo

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na ndipo nilipobadilisha msimamo.

Mwanzoni nilikuwa upande wa wale wanaosema: mkishajua ukubwa wa kweli wa kazi, iandikeni, ukweli haujawahi kumwumiza mtu. Nikaanza kufuata namba zinakwenda wapi baada ya kuandikwa.

Chati ya kasi ya timu kwenye Jira, kasi ikiwa ni pointi ambazo timu inazimaliza kwa sprinti, ina nguzo mbili kwa kila sprinti. Ya kijivu ni jumla ya makadirio ya kazi zote zilizokuwemo sprinti ilipoanza. Ikishaanza, nguzo hiyo haiguswi tena: ukiongeza kazi au ukibadilisha kadirio, haijali. Ya kijani ni jumla ya kazi zilizokamilika, na hiyo inachukua kadirio lilivyo sprinti inapofungwa. Nguzo moja inasoma namba za asubuhi, nyingine inasoma namba za jioni, halafu zinasimamishwa bega kwa bega kana kwamba zinapima kitu kimoja.

Sprinti yetu ilianza na pointi 30. Tulizimaliza kazi zote. Kwa sababu ya ile tiketi moja, kijivu kilisoma 30 na kijani 38. Mtu anayetazama kwa mbali anaona timu iliyosema italeta 30 ikaleta 38. Ni timu iliyofanya kazi zilezile ilizosema itafanya, na moja kati ya hizo ikawatoa jasho.

Geuza mfano. Chukua kazi ya 8 iliyotokea kuwa rahisi, mtu akaishusha mpaka 3. Kazi zote zimekwisha, hakuna kilichobaki, na chati inaonyesha 25 kwa 30. Timu hiyo itaulizwa imekwama wapi.

Hilo bado ni dogo, ni la kuonekana. Kubwa liko kwenye utabiri.

Tuseme orodha ya kazi zinazosubiri ina pointi 120, na tuseme timu ina tabia ya kukadiria nusu ya ukubwa wa kweli. Kila wanachokiita 5 kinageuka kama 10. Wakiacha makadirio yao yalivyo, kasi yao itasomeka 15 kwa sprinti. Gawanya 120 kwa 15: sprinti 8. Na itakuwa kweli sprinti 8, ingawa kila kadirio moja moja lilikosea, kwa sababu kasi na orodha vimekosewa kwa kipimo kilekile na kosa linajifuta.

Sasa waruhusu wabadilishe kila kadirio kazi inapokwisha, kila mmoja akiweka namba "ya kweli". Kasi yao inapanda mpaka 30. Lakini zile pointi 120 zinazosubiri hakuna aliyezigusa, bado zimeandikwa kwa jicho lilelile la nusu. Gawanya 120 kwa 30.

Sprinti 4.

Kadiri timu inavyojitahidi kuwa mkweli kuhusu kazi zilizopita, ndivyo inavyozidi kumpotosha mtu anayeuliza lini tutamaliza. Niliirudia hesabu hiyo kwenye karatasi, kwa namba nyingine, kwa sababu sikuipenda. Ilinipa jibu lilelile.

## Kwa nini kosa linajifuta

Pointi hazipimi muda. Zinalinganisha. Tunaposema tiketi hii ni 5, tunasema ni kubwa kuliko ile ya 3 na ndogo kuliko ile ya 8, basi. James Grenning alipoanzisha mchezo wa karata za kukadiria mwaka 2002, faida yake ilikuwa kwamba kila mtu anaiweka karata yake kifudifudi, zinafunuliwa pamoja, na aliyetoa 3 anajikuta akizungumza na aliyetoa 13. Namba zenyewe zina mapengo makusudi, 5, 8, 13, 20, 40, ili watu wasigombane kama kazi ni 16 au 17.

Ukiielewa hivyo, kuipandisha tiketi moja peke yake baada ya kuifanya ni kuitoa kwenye foleni ya wenzake. Ile ya kurudisha fedha kwa sehemu imekuwa 13. Dada yake, ile ya kurudisha fedha kwa kuponi, ambayo inatumia jedwali lilelile na ambayo hakuna aliyeianza, bado ni 5. Je, ni kweli moja ni kubwa mara mbili na zaidi ya nyingine? Hapana. Moja imefunguliwa, nyingine haijafunguliwa.

Kuna wakati kubadilisha ni halali, na hapa ndipo ninapoachana na wale wenye msimamo mkali wanaosema kadirio lisiguswe kamwe. Ukijua kwamba aina fulani ya kazi, zote, ni kubwa kuliko mlivyodhani, kadirieni upya zote ambazo hazijaanza. Familia nzima kwa pamoja, nje ya sprinti, kabla ya mtu yeyote kuzigusa. Hapo ulinganisho unabaki. Kinachoharibu ni kuchomoa moja iliyokwisha na kuipa namba ya mtu aliyeshajua, halafu kuichanganya na namba za watu wasiojua.

## "Nikiiacha 5 nitaonekana nimezembea"

Hoja zote hizo nilizieleza kwa mwenzetu aliyeifanya kazi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema maneno hayo.

Na mimi sikuwa na jibu la haraka.

Alikuwa ametumia karibu sprinti nzima kwenye tiketi moja. Alikuta jedwali bovu, akalitengeneza. Alipewa oda za zamani, akazimaliza. Kisha ripoti itasimama mbele ya watu ikisema fulani, pointi 5, wiki mbili. Mwenzake wa jirani, pointi 14, wiki zilezile. Nani ataenda kusoma maoni ya Jumatatu?

Hapa ndipo niliposhuku kwamba suala la mshale si la hesabu peke yake. Mahali ambapo pointi zinahesabiwa kwa kichwa cha mtu, makadirio yatabadilishwa, na kanuni yoyote mtakayoiweka itazungukwa. Mtu hawezi kuombwa alinde usahihi wa takwimu ya timu kwa kujichafua mwenyewe. Charles Goodhart, mchumi wa Uingereza, aliliona hilo kwenye sera ya fedha mwaka 1975: uhusiano wa takwimu uliokuwa ukitegemewa huvunjika pindi unapotumiwa kama chombo cha kudhibiti. Hakuwa akifikiria sprinti. Ila ukiwahi kukaa kwenye kikao ambacho jina la mtu limewekwa pembeni ya pointi zake, unajua alichokuwa anasema.

Kuna kisa cha pointi zenyewe ambacho watu wa fani hii hukisimulia, na Ron Jeffries, mmoja wa waliokuwepo, amekiandika. Timu za mwanzo za Extreme Programming, mtindo mmoja wa kutengeneza programu, zilikadiria kwa siku kamili, yaani siku ambayo hakuna anayekusumbua. Siku moja ya namna hiyo ilichukua kama siku 3 za kawaida. Wakubwa wakawa hawaishi kuuliza: inakuwaje kazi ya siku moja ichukue siku tatu? Ndipo zikaitwa pointi, ili swali life. Jeffries ameandika kwamba huenda ni yeye aliyezibuni, na kama ni yeye, anasikitika.

Swali lenyewe halikufa. Lilibadilisha nguo.

## Ripoti zisizo na mshale

Baada ya kikao kile cha meneja, kulitokea jambo ambalo lilinisumbua kuliko mshale wenyewe. Mishale ilikwisha.

Sprinti iliyofuata, hakuna. Iliyofuata tena, hakuna. Safu ya makadirio ikawa safi, namba moja moja mpaka chini. Mtu mgeni angesema timu imejifunza kukadiria.

Nikaanza kuangalia dalili nyingine. Kazi ambazo zamani zingekuwa 3 zilianza kuingia zikiwa 5, na za 5 zikawa 8; kila mmoja alikuwa anajiwekea akiba. Grafu ya kazi iliyobaki ikawa inashuka sawasawa kama imepigwa rula, na mtu aliyewahi kutengeneza programu anajua kazi haishuki hivyo. Kazi hukaa juu siku kadhaa, hupanda, halafu huanguka kwa kishindo. Na kwenye maoni ya tiketi, pale ambapo zamani ungeona "nimekuta kitu hapa", pakawa patupu. Ugunduzi ulikuwa unafanyika bado, ila ulikuwa unafanyika kimya. Funika kombe mwanaharamu apite.

Hakuna aliyekatazwa kubadilisha kadirio. Kilichotokea ni kwamba mshale mmoja uliulizwa mbele ya watu wote, kwa sauti ya kuuliza nani kakosea, na kila aliyekuwepo akapata somo lake.

Tangu hapo, ripoti ya sprinti kadhaa mfululizo isiyo na badiliko hata moja hunitia wasiwasi zaidi kuliko yenye mishale mitano. Barry Boehm alionyesha mwaka 1981 kwamba makadirio yanayofanywa mwanzoni kabisa mwa mradi yanaweza kukosea kiasi kwamba ukubwa wa kweli ukawa mpaka mara 4 ya kadirio, au robo yake tu, na kwamba upana huo hupungua kadiri kazi inavyoeleweka. Sprinti ni kipande kidogo na kilichochambuliwa vizuri zaidi, kwa hiyo upana wake si huo. Lakini si sifuri. Daniel Kahneman na Amos Tversky walishaeleza mwaka 1979 jinsi watu wanavyopanga kwa kuiangalia kazi iliyo mbele yao na kusahau jinsi kazi kama hiyo zilivyowahi kuwaendea. Timu isiyoshangazwa na chochote kwa miezi inawezekana ipo. Sijaiona.

## Tunavyoisoma sasa

Hatukuandika kanuni ndefu. Tuliigawa ile 8 iliyoongezeka, tukaona nini kingefanyika kama tungekuwa na akili hiyo Jumatano ile.

Sehemu iliyoamuliwa, yaani oda za zamani, ilistahili tiketi yake. Jumatano hiyohiyo, kabla ya mtu kuigusa, ikadiriwe 5 na kuingizwa kwenye sprinti. Jira huwekea nyota kazi iliyoingia baada ya sprinti kuanza, na nyota hiyo inasema kitu ambacho mshale hausemi: kuna mtu aliongeza, kwa kukusudia, siku fulani. Kijani kingesoma 35 kwa 30, na mtu akiuliza zile 5 zimetoka wapi, jibu lina tiketi, lina tarehe, lina mwenye uamuzi.

Sehemu iliyogunduliwa, yaani jedwali, ilistahili maoni tu. Kazi inabaki 5. Zile 3 zinamezwa na kasi ya timu, na ndiyo kazi ya kasi ya timu: kumeza majedwali mabovu, mwaka mzima, bila kuuliza. Kama jedwali lingekuwa baya kiasi cha kuhatarisha sprinti yenyewe, hilo ni la kusemwa kwenye kikao cha asubuhi, kwa mdomo, siku hiyohiyo, si la kungoja safu ya makadirio ilipasue wiki ya pili.

Kuna mshale mmoja ambao hatuna shida nao kabisa: ule unaoanza na kistari, — → 3. Huo ni wa kazi iliyoingia bila kadirio, ikakadiriwa baadaye. Unaonyesha tu kwamba tulianza sprinti kabla ya kumaliza kupanga. Inatokea.

Kuhusu majina kwenye ripoti, ilibidi mtu aongee na meneja. Alielewa kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu hakwenda kuambiwa kwamba amekosea. Alionyeshwa ile hesabu ya 120 kugawanywa kwa 30. Yeye ndiye anayewapa wateja tarehe. Sprinti 4 badala ya 8 ni shingo yake. Sasa anaanza na nyota, kisha anauliza nini kiligunduliwa, na safu ya majina ameiondoa kwenye kile anachokionyesha. Chati bado ina nguzo ya kijivu inayosomeka kama ahadi, ingawa Mwongozo wa Scrum uliacha kuziita kazi za sprinti ahadi tangu 2011 na kuziita utabiri. Hilo tumeliacha. Rangi ya nguzo hatuwezi kugombana nayo.

## Lililobaki

Kuna moja hatujalimaliza, na sioni kama tutalimaliza karibuni.

Tiketi ya 13 imefika karibu na mwisho, limebaki jaribio moja, sprinti inafungwa. Haijakamilika, kwa hiyo kijani kinahesabu sifuri. Inahamia sprinti inayofuata ikiwa na 13 zake zote. Lakini kilichobaki ndani yake ni kama 2.

Mpimaji wetu, anayezijaribu kazi zikishaandikwa, anasema ishushwe iwe 2. Tukiiacha 13, anasema, tunapopanga sprinti mpya tunajifanya tuna mzigo ambao haupo, na tutaacha nje kazi ambazo zingeingia. Mimi nasema ikishushwa, pointi 11 zitakuwa zimefanywa na watu halafu zisionekane kwenye sprinti yoyote. Tukiiacha, sprinti moja itasoma chini na inayofuata itasoma juu, na wastani wa sprinti kadhaa utakaa sawa. Yeye ana haki kwenye kupanga, mimi nina haki kwenye wastani, na mfumo una nafasi ya namba moja tu.

Kwa sasa, tukipanga, tunasema 2 kwa mdomo na kuacha 13 kwenye tiketi. Mgeni akiingia kwenye kikao anachanganyikiwa, na kila mara inabidi mtu amweleze. Wiki iliyopita mpimaji alipendekeza tuipasue tiketi sprinti inapofungwa, ile sehemu iliyokwisha ibaki na 11 na jaribio lihame na 2. Nimemuuliza nani ataamua ni 11 na si 9, wakati hakuna hata kipande kimoja ambacho mteja anaweza kukitumia bila hilo jaribio. Bado hajanijibu, na kusema kweli nangoja jibu lake, maana nisipolipata itabidi nikubaliane naye.